Nyumba za mawe za Mji wa Kale: maji huingilia wapi?

Usiku mmoja wa Novemba 2023, mvua za El Niño zikiwa zimetuandama, khalati yangu alisikia kitu kikialika juu ya kitanda chake. Kulipokucha tukaona boriti ya tatu kutoka dirishani imekatika pale inapoingia ukutani, na dari imebonyea. Alhamdulillahi hakuumia. Lakini ukuta ule miaka saba nyuma nilikuwa nimelipa mimi upigwe plasta ya saruji, nikidhani ninauokoa na maji.

Tangu hapo nimeingia nyumba nyingi za jamaa na majirani hapa Mombasa, na kosa langu nimelikuta karibu kila mtaa. Ndiyo maana ninaandika.

Nyumba zetu za kale, na zile za Lamu vilevile, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, kuta zake nene kiasi cha nusu mita. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba kwa sababu hiyo hiyo: boriti haipiti sana mita tatu, basi na chumba hakipiti. Ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki.

Jiwe la matumbawe lina vitundu kama sifongo. Hunywa maji, na chokaa iliyo juu yake huyaacha yatoke tena jua likiwaka. Ukuta hunywa wakati wa masika, ukakauka wakati wa kaskazi. Saruji huiziba njia hiyo ya kutokea. Na kwa kuwa ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, hupasuka nyufa nyembamba. Maji huingia ufani, yakakwama ndani, ncha ya boriti ikaoza taratibu na mchwa wakaalikwa. Huku nje nyumba inapendeza, nyeupe pepepe! Rangi ya mafuta nayo hufanya kazi ile ile.

Ukitaka kukagua nyumba yako, anza juu. Maji mengi niliyoyafuata yalitoka kwenye paa. Paa la makuti lilikuwa likitokeza mbali na ukuta. Tulipobadilisha tukaweka mabati, wengi tuliyakata mafupi ili kupunguza gharama, sasa maji yanateremka na ukuta wenyewe. Kwenye mapaa bapa tazama milizamu. Majani na kinyesi cha njiwa vikiiziba, paa linakuwa birika. Halafu kuna matanki. Kwa shida ya maji ya mji huu simlaumu mtu kuweka tanki juu, lakini lita 1,000 za maji ni tani nzima, na waliojenga hawakuipigia hesabu. Likifurika kila siku mahali pamoja, boriti zilizo chini yake zina mizigo miwili. Tanki likae chini, uani, na juu ubaki na dogo tu, tena karibu na ukuta mnene.

Chini, dalili ni unga mweupe wa chumvi na plasta inayobanduka karibu na sakafu. Huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, na mara nyingi barabara ya nje imeinuliwa kwa kokoto na lami mpaka imeipita sakafu yako. Kupiga saruji futi tatu za chini, kama mafundi wanavyopenda, huusukuma unyevu upande juu zaidi.

Bomba lililofichwa ukutani ni rahisi kulijua. Funga mifereji yote usiku, andika namba za mita, zisome tena alfajiri kabla mtu hajatawadha. Zikisogea, kuna panapovuja.

Kwa boriti, chukua bisibisi uichome karibu kabisa na ukuta. Boriti nzima hukataa. Iliyooza huiruhusu iingie kama kwenye ndizi mbivu. Ukiona ufa unaofuata mstari wa boriti, au dari imeshuka, watoe watu chumbani leo, uweke nguzo za muda, ndipo umtafute fundi. Na ukuta uliotota ukiwa na swichi ya umeme, zima swichi kubwa kwanza kabla hujaugusa.

Matengenezo yenyewe yanahitaji subira kuliko pesa. Saruji yetu tuliitoa kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine hutikisa ukuta. Kisha tukauacha wazi kaskazi nzima ukauke. Chokaa ikapigwa kwa tabaka nyembamba, ikitundikiwa magunia mabichi isikaushwe na jua haraka ikapasuka. Fundi wa kwanza alinishauri nichanganye "saruji kidogo tu, ishike". Tuliagana kwa heri.

Usivunje kitu kabla hujapita ofisi ya uhifadhi, kwani Mji wa Kale una masharti yake, na Lamu ambayo imo katika orodha ya UNESCO tangu 2001 ina yake pia. Boriti nazo zinunue kwa muuzaji mwenye karatasi, maana mikoko haikatwi bila kibali cha watu wa misitu. Sisi tulibadilisha boriti nne, ncha zake tukaziachia nafasi ya hewa ndani ya ukuta badala ya kuzifinyanga kwa udongo.

Khalati amerudi chumbani mwake. Kitanda, hata hivyo, amekihamishia upande wa mlango, na bisibisi yangu hajanirudishia.