Ifahamu 2,147,483,647, namba itakayovuruga saa za simu za zamani

Inasomwa bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ukichukua shilingi moja ukaizidisha maradufu mara 31, utapata 2,147,483,648. Toa shilingi moja, ndiyo hiyo.

Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Aliyethibitisha hilo mwaka 1772 ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akiishi St. Petersburg, Urusi, na wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa. Hakulazimika kujaribu namba zote. Kama ingegawanyika, kigawo kimojawapo kisingezidi 46,340, kwa sababu 46,341 mara 46,341 tayari inaipita. Tena alionyesha kuwa kigawo hicho, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Namba nyingi mno zikaondoka hapo hapo. Zilizobaki zikajaribiwa moja moja, na hakuna iliyofaa.

Ukiizidisha kwa 1,073,741,824 unapata namba kamilifu, ile iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo, kama 6 ilivyo 1+2+3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuwa hakuna atakayehangaika kutafuta kubwa kuliko hiyo, kwani hazina faida. Zimetafutwa, na nyingi zimepatikana.

Sasa tuje kwenye simu. Mifumo mingi ya zamani huhifadhi namba katika nafasi 32 za 0 na 1, zinazoitwa biti. Nafasi moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi. Zinabaki 31, na namba kubwa kabisa inayoenea humo ndiyo hii. Desemba 2014, YouTube ilisema imebidi kupanua kihesabio chake kwa sababu ya wimbo Gangnam Style wa Psy wa Korea Kusini.

Wimbo si tatizo. Saa ndiyo tatizo. Vifaa vingi huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, saa 9 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, hesabu itafika 2,147,483,647. Sekunde inayofuata, kifaa ambacho hakijarekebishwa kitaonyesha Desemba 1901. Kengele na kalenda zitachanganyikiwa, na tovuti nyingi hukataa kufunguka tarehe ya simu ikiwa si sahihi.

Salio lako la fedha halimo ndani ya simu. Limo kwenye kompyuta za kampuni. Kwa hiyo atakayekuomba namba ya siri ili "akukinge na 2038" ni tapeli. Simu za biti 64 zina nafasi ya miaka zaidi ya bilioni 290. Ukinunua ya mtumba, muulize fundi ni ya biti ngapi, au jaribu kuiwekea tarehe ya mwaka 2040: baadhi ya simu za zamani hukataa kupita 2037.