Wakimya na Wasemaji: Historia ya Baraza katika Ituri

Ituri, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambalo makao yake makuu ni Bunia, lina historia ndefu ya watu jirani kuongozwa kwa namna zinazotofautiana. Kati ya msitu wa Mambasa na Ziwa Albert wameishi Wambuti wasio na chifu, Walendu waliosimamiwa na wazee wa koo, Wahema wenye machifu wa kurithishana, na Waaluru ambao machifu wao waliaminika kuishika mvua. Kila mfumo kati ya hiyo ulikuwa na nafasi yake kwa mtu msemaji na nafasi nyingine kwa mtu mkimya, na sehemu kubwa ya misukosuko ya utawala wa Ituri tangu mwanzo wa karne ya 20 inaeleweka vizuri zaidi mtu akifuatilia jinsi nafasi hiyo ya pili ilivyofinywa.

Istilahi za elimunafsi zinazohusika hapa zilienezwa na daktari wa Uswisi, Carl Gustav Jung, katika kitabu chake cha 1921 kuhusu aina za haiba. Mkimya wa hulka, kwa maelezo yake, ni yule ambaye nguvu za fikra zake huelekea ndani, akalipima jambo peke yake kabla ya kulitamka. Mchangamfu ni yule ambaye nguvu hizo huelekea nje, kwa watu na mambo yanayomzunguka, ndiyo maana fikra zake hukomaa katika maongezi. Jung alisisitiza kwamba kila binadamu ana pande zote mbili, ila mmoja humtawala. Kwa uongozi, tofauti hiyo si jambo dogo, kwa kuwa baraza linalomsikiliza tu anayewahi kusema hupata fikra za aina moja hata likiwa na watu mia.

Mfano ulio wazi zaidi umo msituni. Mwanaanthropolojia Mwingereza Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti karibu na Epulu katika miaka ya 1950, alieleza kwamba kwao maneno mawili yalibeba falsafa nzima ya maisha ya pamoja: ekimi, yaani utulivu, na akami, yaani kelele na ugomvi. Msikilizaji wa Kiswahili atatambua mara moja jinsi neno la kwanza linavyokaribiana kwa sauti na kimya. Kelele ilihesabiwa kuwa kosa dhidi ya msitu wenyewe, kwa sababu iliwafukuza wanyama na kuharibu uwindaji wa nyavu ambao ulihitaji kambi nzima, wanaume kwa wanawake, kushirikiana. Ugomvi ulipopamba moto usiku, kila mtu akipaza sauti kutoka mlangoni pa kibanda chake, mzee angeweza kutoka na kusimama katikati ya kambi, akaanza kusema kwa sauti ya chini kiasi kwamba waliotaka kumsikia walilazimika kunyamaza. Hakuwa na askari wala adhabu ya kutoa. Pamoja naye alikuwapo mchekeshaji wa kambi, mtu mwenye maneno mengi ambaye aliwaiga wagomvi, au akajitwika lawama yao, mpaka hasira ikaishia katika kicheko. Kambi iliwahitaji wote wawili, kwa kuwa yule wa kwanza aliwafanya watu wasikilize na yule wa pili akawafanya wapatane.

Kwa Waaluru wa Mahagi na wa upande wa Uganda, Aidan Southall alieleza katika utafiti wake uliochapishwa 1956 jinsi utawala wa machifu ulivyoenea kwa kiasi kikubwa bila vita. Walendu na Waokebo, hao wa pili wakisifika kwa uhunzi, mara nyingine walimwalika mwana wa chifu akae kwao, wakitumaini kwamba uwepo wake ungetuliza visasi na kuleta mvua. Chifu wa namna hiyo hakuhitaji ufasaha wa hadharani ili watu wake wamtii, maana mamlaka yake, yanayoitwa ker, yalitokana zaidi na imani juu ya kile alichokibeba. Kwa Walendu wenyewe uamuzi ulibaki kwa wazee wa koo nyingi, na mgeni aliyefika akiuliza mkubwa ni nani hakupata jibu la jina moja.

Swali hilo la mkubwa ni nani ndilo utawala wa Kibelgiji uliloliuliza kila ulikofika. Dekrii ya 1891, na baada yake ile ya 1910, ziliweka msingi wa sheferi, yaani eneo la chifu anayetambuliwa na serikali, na chifu huyo alikabidhiwa medali kuwa alama ya cheo chake. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi, kutoa wabeba mizigo, na kupeleka vibarua na chakula kwenye machimbo ya dhahabu ya Kilo, ambako dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1903. Kazi ya namna hiyo ilimfaa mtu wa kujitokeza na kujibu upesi, si mzee aliyezoea kusikiliza siku tatu kabla ya kutoa neno. Wahema, ambao machifu wao walionekana kwa macho, walieleweka haraka. Walendu, ambao uongozi wao ulitawanyika katika koo, walidhaniwa kuwa hawana uongozi, na baadhi yao wakawekwa chini ya machifu wa Kihema. Mwaka 1911 chifu wa Kihema aliyeitwa Bomera aliuawa katika mgogoro na Walendu, na jibu la serikali likawa kuzitenganisha jamii hizo mbili katika maeneo ya utawala yenye mipaka ya kikabila. Kosa la kutosikia aina moja ya uongozi liligeuzwa hivyo kuwa ramani.

Jung mwenyewe alikutana na hali inayofanana na hiyo alipozuru Mlima Elgon mwaka 1925, akizungumza na wenyeji kwa Kiswahili alichojifunza. Mganga mmoja alimweleza kwamba zamani waganga waliota ndoto zilizowaonyesha vita, maradhi na mvua, lakini tangu wazungu walipofika hakuna aliyeota tena, kwa sababu mkuu wa wilaya alijua kila kitu. Maelezo hayo yanaonyesha kwa ufupi jinsi mamlaka ya sauti moja yanavyowafanya hata wenye hekima waone kwamba fikra zao hazina kazi.

Bunia, iliyokua kama kituo cha utawala na biashara jirani na machimbo, ilirithi desturi hiyo ya sauti moja. Mwaka 1999, wakati vita vya ardhi vikiwa vimezuka katika eneo la Djugu, mji ulikuja kuwa makao ya kundi la waasi la RCD-ML chini ya Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na aliyekuwa ameandika juu ya baraza la kijiji kama njia ya Waafrika ya kutatua migongano kwa kila mmoja kusema. Ni kinaya kikubwa kwamba mtetezi huyo wa baraza alishindwa kuliunda mjini humo: kufikia mwaka 2000 alikuwa amefarakana na wasaidizi wake wakuu, Mbusa Nyamwisi na John Tibasima, nguvu halisi zikiwa mikononi mwa wenye askari na mwa jeshi la Uganda.

Jaribio lenye matunda zaidi lilikuwa Tume ya Kutuliza Ituri, iliyokutana Bunia Aprili 2003 na kuunda vyombo vya muda, likiwamo bunge maalumu lililoongozwa na Pétronille Vaweka. Bunge hilo lilizaliwa bila bunduki. Majeshi ya Uganda yalipoondoka Mei, wanamgambo waliugombania mji mpaka kikosi cha Umoja wa Ulaya kilipoingia Juni. Hata hivyo Vaweka, aliyekuwa baadaye kamishna wa wilaya ya Ituri, aliendelea kuwafuata wapiganaji na kuzungumza nao ana kwa ana, na mwaka 2023 Taasisi ya Amani ya Marekani ilimtunuku kwa kazi hiyo.

Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya gavana wa kijeshi, na mamlaka ya kiraia yakasimamishwa. Historia iliyoelezwa hapa haithibitishi kwamba wakimya ni viongozi bora kuliko wasemaji, maana kambi ya Wambuti iliwategemea wote. Inachothibitisha ni kwamba katika Ituri ukimya wa watu umesomwa mara nyingi kuwa ni ridhaa au ujinga, na kila uliposomwa hivyo gharama ililipwa na vijiji. Yeyote atakayeitisha baraza lijalo Bunia ana wajibu wa kupanga, kabla ya hotuba ya kwanza, zamu ya wale ambao hawatainua mkono.