Pera la Likoni si peasi

Jumapili iliyopita nilivuka feri na mpwa wangu wa Gredi ya Nne tukaenda Shelly Beach, Likoni. Maji yalikuwa yamekupwa. Mama mmoja alikuwa ameketi kivulini na beseni la mapera, anayapasua na kuyatia chumvi na pilipili. Nikanunua mawili. Mpwa wangu akaligeuzageuza lake, akaniuliza, "Mjomba, hili ni pera kweli?"

Kumbe shuleni aliambiwa achore pera. Akachora alijualo: la duara, ndani jekundu, mbegu tele. Akawekewa alama ya kosa. Mwalimu alitaka lile tunda la nchi za baridi lenye shingo nyembamba na kitako kipana, ambalo kamusi zetu huliita peasi.

Mtoto hakukosea. Ila mwalimu naye, pengine bila kujua, anakubaliana na Wareno. Pera ni neno lao, na kwao maana yake ni hilo hilo peasi. Mpera wetu asili yake ni Amerika ya joto, na kule Brazili Wareno waliliita tunda lake goiaba, jina lililotokana na lugha za wenyeji wa Amerika. Huku kwenye Bahari ya Hindi mambo yakawa mengine. Ukienda Goa, kwa Kikonkani tunda hili ni per. Kwa Kimarathi ni peru. Ndiyo maana siamini kuwa jina lilibuniwa Mombasa. Naona lilisafiri na merikebu za Wareno, ambao makao yao makuu ya mashariki yalikuwa Goa, na ambao hapa kwetu walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Nadhani mtu aliona tunda geni limechongoka kidogo kwenye kikonyo, akalipa jina la tunda la kwao. Mbona Waomani nao huliita zaituni?

Mwaka 1698 Waomani wakaitwaa Ngome. Pera halikuondoka na wenyewe, lilipanda bara. Wakikuyu husema mabera, Waganda amapeera, na wote hao wanakusudia hili la kutiwa chumvi na pilipili.

Kisha akaja Mwingereza na peasi lake. Avokado aliliita kwa jina lenye maana ya "peasi la mamba", nasi tukapata mpea na pea, maneno ambayo siku hizi utayakuta kamusini kuliko sokoni. Na peasi lenyewe tulilipokea likiwa na ile "s" ya wingi wa Kiingereza, tukaitilia irabu, basi. Tunda moja ambalo halioti pwani limetupa majina matatu, na mawili kati yake tumewapa matunda mengine kabisa!

Nimemwandikia mwalimu barua fupi, nikaitia ndani ya daftari la mtoto. Na mapera mawili nimemfungia ampelekee.