Nani Amemtoa Mnyama? Sherehe za Mwisho wa Mwaka Kilimanjaro na Mkondo wa Fedha kati ya Vizazi

Kila Desemba lawama ileile husikika makanisani, vijiweni na ndani ya mabasi yanayopandisha watu kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi: vijana wameiharibu sikukuu. Wazazi wao, inasemwa, walirudi Kilimanjaro kuwaona wazee, kuzuru makaburi na kumaliza ugomvi wa ukoo. Vijana hao wanarudi kuonyeshana magari na kunywa bia hadi Mwaka Mpya upite. Lawama hii haikosi chembe ya ukweli, ila inasimama kwenye tabia, na tabia ni tokeo zaidi kuliko sababu. Hoja ya makala haya ni kwamba sherehe za mwisho wa mwaka za Wachagga zimebadilika kizazi hadi kizazi kwa kufuata mkondo wa fedha kati ya mlima na mji. Fedha ilipokuwa ikishuka kutoka kihambani, yaani shamba la ukoo la migomba na mibuni, kuwafuata watoto shuleni, sherehe ilikuwa ya mzee. Ilipogeuka ikaanza kupanda kutoka mjini, sherehe ikawa ya yule anayekuja kwa siku nne na kuondoka. Anayetaka kuielewa sherehe yoyote kati ya hizi na aanze kwa kuuliza nani amemtoa mnyama.

Kwanza tuiweke kando dhana kwamba safari ya Desemba ni mila ya kale. Krismasi yenyewe ilifika mlimani na wamisionari, Wakatoliki wakianzia Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Walutheri wa Leipzig wakifuata mwaka 1893. Tena, ili mtu arudi lazima awe ameondoka, na kilichowaondoa watu kwa wingi ni shule, ofisi, biashara na ajira ya mshahara. Desemba ikawa mwezi wa kurudi kwa sababu mwaka wa masomo huishia hapo na wafanyakazi wengi huchukua likizo zao wakati huo. Kwa hiyo hata kizazi kinachotajwa leo kama walinzi wa mila kilikuwa kikifanya jambo jipya kabisa, ambalo babu zao wasingelitambua. Kilichoipa safari hiyo uzito ni kihamba. Migomba na mibuni si mazao ya msimu. Shamba hukaa palepale kwa vizazi, nyumba iko katikati yake, na wafu huzikwa humohumo. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza hutafutiwa kihamba chake na wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi, huku wa katikati wakitegemea bahati au ardhi iliyo wazi, ambayo kadiri miaka ilivyopita haikupatikana. Katika mazingira hayo, kuonekana nyumbani kila mwaka kulikuwa namna ya kulinda haki. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti wake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kikuu mwaka 1986, alionyesha kwamba sheria za kimila za Wachagga zilibadilika mfululizo kwa karne nzima huku wenyewe wakiendelea kuziita za mababu. Utani wa Watanzania kwamba Wachagga huenda Desemba “kuhesabiwa” una ukweli zaidi ya unavyokusudia.

Na hesabu hiyo ilikuwa na mwenyewe. Tangu wakulima walipounda chama chao mwaka 1925, kilichorithiwa na ushirika wa KNCU mwaka 1933, kahawa ndiyo iliyoleta fedha taslimu mlimani. Mavuno huanza karibu Julai na kuendelea hadi Desemba, na ada za shule hutakiwa Januari. Mzee aliyekuwa na mibuni aliufikia mwisho wa mwaka akiwa na fedha mkononi, mbuzi aliyenoneshwa zizini kwa majani ya migomba, na watoto waliokuwa wakimsubiri aseme. Mnyama alipochinjwa, nyama haikupakuliwa ovyo. Kila kipande kilikuwa na mtu wake kulingana na umri, jinsia na nafasi katika ukoo, na mwana aliyekuja na cheo chake kutoka serikalini alipewa fungu la mdogo iwapo kweli alikuwa mdogo. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya mzee. Alikuwa anagawa kilicho chake, na mwenye kugawa ndiye anayepanga nani atangulie.

Nguvu hiyo haikuondolewa na televisheni wala simu; iliondoka na fedha ya kahawa. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa rasmi katikati ya miaka ya 1980, vikiwa dhaifu. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Soko la ndani likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katikati ya miaka ya 1990. Mibuni ilikuwa imezeeka, dawa ni ghali, na vihamba vimegawanywa mpaka vingi havifiki hekta moja. Katika sensa ya 2022 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu takribani milioni 1.86, na Dar es Salaam milioni 5.38; sehemu ya tofauti hiyo ni watoto wa vihamba. Wale waliosomeshwa kwa kahawa sasa ndio wanaomnunulia mama dawa na sukari, wanaoezeka bati jipya na kujengea kaburi la baba marumaru. Mbuzi anatoka mnadani, amelipiwa kwa simu kabla mlipaji hajafika. Mzee bado anaombewa dua na kupewa kiti cha mbele, lakini anagawa mali ya mwingine, na wote walioketi pale wanalijua hilo.

Ndiyo maana hata vyakula vimehama nafasi. Mbege, pombe ya ndizi, haiharakishwi: ndizi mbivu hupikwa kwa saa nyingi, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa na kuchanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Anayefika tarehe 24 na kuondoka tarehe 28 hawezi kuipika. Anaweza kuinunua tu, na akishainunua imekuwa kinywaji kando ya kreti za bia. Mbuzi naye amekuwa ndafu, ile tunayoiona kwenye harusi nchi nzima, amechomwa mzima, amesimamishwa juu ya sinia na majani mdomoni, akisubiri kukatwa na kulishanwa mfano wa keki mbele ya kamera. Ndafu haina fungu la mjomba wala la mzaliwa wa kwanza. Inamtambulisha aliyeigharimia na aliyeandaliwa, basi. Sioni haja ya kuichukia; inafaa kabisa kwa mkutano wa watu ambao hawana tena ardhi ya kugawana.

Kuna watakaopinga wakisema kwamba majigambo ya vijana yanatosha kueleza yote haya. Lakini majigambo si mageni mlimani. Mzee wa kahawa aliyeezeka bati wakati majirani wanaezeka majani ya migomba, au aliyemnonesha mbuzi mpaka akashindwa kutembea, naye alikuwa akijionyesha. Tofauti ni kwamba fahari yake ilibaki palepale kihambani mwaka mzima, ilhali gari huteremka na mwenyewe. Pingamizi zito zaidi ni hili: kama sherehe imepoteza kiini chake, mbona watu wanazidi kwenda? Kila Desemba mamlaka ya usafiri wa ardhini hutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada ya kaskazini, na treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejeshwa Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka ishirini. Jibu ni kwamba wingi wa abiria hauthibitishi kuwa shughuli ni ileile. Mtu anaweza kwenda kwa bidii zaidi pale anapokuwa mgeni kuliko alipokuwa mrithi, kwa sababu mgeni asipoonekana husahaulika upesi. Aidha sijadai kwamba kiini kimepotea. Nimedai kwamba kimebadilisha mikono.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kikao cha ukoo. Koo nyingi sasa zina mwenyekiti, katibu na mhazini, kundi la WhatsApp na michango ya kila mwezi yenye orodha ya waliolipa na wasiolipa. Kikao cha Desemba kina ajenda na muhtasari. Mhazini huyo mara nyingi ni binti, na hapa ndipo simulizi la “zamani palikuwa pazuri” linapokosa mashiko. Sherehe ya mzee iliwezekana kwa sababu wanawake walipika mbege, walikata majani ya mbuzi na kuosha vyombo, kisha wakasubiri fungu lao. Kihamba hakikuwa chao. Sheria ya nchi imesogea: Mahakama Kuu katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, mwaka 1990, ilikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatamka usawa. Hata hivyo, kilichompa binti sauti pale chini ya mgomba ni mchango wake kuliko hukumu ya mahakama. Analipa sawa na kaka zake, na ni vigumu kumnyamazisha mtu ambaye mnyama anayeliwa ameandikwa kwenye daftari lake.

Hoja hii inaweza kupimwa, na ingefaa watafiti wa Moshi na Dar es Salaam waipime. Katika wilaya za Hai na Siha parachichi limeanza kuwaingizia baadhi ya wakulima fedha ambayo kahawa haiwapi tena, na wako wazee wanaopokea pensheni wakiishi vihambani mwao. Iwapo nimekosea, na tofauti ya vizazi ni suala la malezi na utandawazi, sherehe katika kaya hizo zitafanana na za jirani asiye na kipato. Iwapo niko sahihi, tutawakuta humo wazee wanaonunua mbuzi wao wenyewe, na wajukuu waliozaliwa Mbezi, Dar es Salaam, wakipokea fungu la mdogo bila kubisha.