Serikali na Siri Kali

Wanafunzi wangu hupenda kutania kwamba serikali ni "siri kali". Utani huo una ukweli wake wa kisiasa, ila historia ya neno ni nyingine kabisa. Asili yake ni Kiajemi: sar, kichwa, na kar, kazi; yaani msimamizi wa shughuli. Huko India sarkar likawa dola, na pia namna ya kumwita bwana mkubwa. Sisi tuliipokea dola tu; ubwana, nadhani, ulipenya kwa mlango wa nyuma. Nalo neno waziri, wanakamusi wa Kiarabu hulihusisha na wizr, mzigo: ndiye anayembebea mtawala mzigo. Mwananchi aombaye hesabu za halmashauri akajibiwa kuwa ni siri anajua leo unabebwa na nani.