Kombe na Ligi: Mjadala wa Wapenzi wa Kandanda katika Nchi ya Mpanda na Katavi

Mchezo wa mpira wa miguu umekwisha kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa letu kama zilivyo ngoma, methali na utani. Uliletwa na wageni, lakini lugha inayouzunguka ni yetu, na namna ya kuubishania ni yetu vilevile. Katika insha hii tutautazama ubishi mmoja ambao wapenzi wa kandanda hawajaumaliza: je, timu iweke mbele ligi au kombe? Tutautazama kutoka Mpanda. Huenda msomaji akaona ajabu kwamba tumeuacha mji wa Dar es Salaam, zinakokaa Simba na Yanga, tukaenda mahali ambapo hapakuwa na timu ya Ligi Kuu katika miaka tutakayoieleza. Sababu ni hiyo hiyo. Mtu asiyekuwa na timu yake katika ligi huyapima mashindano haya mawili kwa kipimo kingine kabisa.

Mpanda ni mwisho wa reli. Njia inayochepuka Kaliua kutoka Reli ya Kati ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba. Mgodi ulikuja kufungwa, reli ikabaki kuwa mlango wa watu, mahindi, mpunga na habari. Wilaya ya Mpanda ilikuwa chini ya Tabora hadi mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa. Kisha mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi, makao yake yakiwa Mpanda. Kwa hiyo katika umri wa mtu mmoja, mwenyeji wa hapo amekuwa mtu wa Tabora, kisha wa Rukwa, kisha wa Katavi, bila kuihama nyumba yake. Jambo hili si dogo kwa mpenzi wa mpira, kwa kuwa mashindano ya timu za mikoa, kama lile Kombe la Taifa, humtaka mtu aishangilie timu ya mkoa wake. Lakini katika mapenzi ya Simba na Yanga hakuna mpaka wa mkoa uliowahi kubadili kitu. Sauti ya Radio Tanzania ilifika Mpanda kabla ya barabara ya lami, na watu walichagua upande kwa masikio kabla hawajapata kuuona mchezo kwa macho.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye maneno yenyewe. Neno ligi tumelikopa. Kombe ni neno letu la tangu zamani, maana yake sahani kubwa ya kupakulia chakula cha watu wengi. Aliyelichagua neno hilo kulitaja tuzo la fedha lenye masikio mawili hakukosea. Katika vijiji vyetu vingi mashindano ya mtoano huchezwa kwa ajili ya mbuzi au ng'ombe, na washindi, mara nyingi pamoja na walioshindwa, humaliza siku kwenye nyama. Kombe kwa asili yake ni karamu; lina siku yake, lina wageni wake, na likiisha limekwisha. Ligi ni kama kilimo. Mtu hulima, hupalilia, hungoja mvua, huibiwa na ngedere, na mwisho wa msimu huhesabu magunia.

Katika historia, kombe ndilo kaka. Uingereza ilianza kushindania Kombe la FA katika msimu wa 1871/72, ilhali ligi yake ilianza mwaka 1888. Huku kwetu Afrika Mashariki, Kombe la Gossage, lililopewa jina la watengeneza sabuni, lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Ligi ya taifa ilikuja mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, klabu ambayo mwaka 1971 ilichukua jina la Simba. Baadaye yalikuwapo mashindano ya mtoano ya Kombe la Nyerere, na mshindi wake aliweza kuiwakilisha nchi katika Kombe la Washindi la Afrika, lililodumu kutoka 1975 hadi 2003. Kisha mtoano wa taifa ukafifia kwa miaka mingi, hata ukafufuliwa katika msimu wa 2015/16 kwa jina la Kombe la Shirikisho la Azam. Watu wengi waliliita Kombe la FA tu, nasi tutaliita hivyo ili lisichanganywe na Kombe la Shirikisho la Afrika.

Sasa tufike kwenye mwaka uliouchochea ubishi huu kuliko mwingine wowote, nao ni 2020.

Msimu wa 2019/20 ulikuwa na timu 20 katika Ligi Kuu, yaani michezo 38 kwa kila timu. Ulikatizwa mwezi Machi kwa sababu ya maradhi ya korona, ukaendelea mwezi Juni. Tarehe 28 Juni Simba ilitoka suluhu na Tanzania Prisons mjini Mbeya na kuutwaa ubingwa huku michezo ikiwa bado imebaki. Yanga haikuwa na la kutafuta tena katika ligi isipokuwa nafasi ya pili. Na nafasi ya pili mwaka ule haikuwa na faida nje ya nchi, kwa maana Tanzania ilikuwa na tiketi mbili tu za Afrika: bingwa wa ligi aende Ligi ya Mabingwa, na bingwa wa Kombe la FA aende Kombe la Shirikisho la Afrika. Kwa Yanga, basi, kombe ndilo lililobeba msimu mzima.

Tarehe 12 Julai watani hao wa jadi walikutana katika nusu fainali, na Simba ikashinda mabao 4-1. Katika nusu fainali nyingine Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilikwisha itoa Sahare All Stars ya Tanga, timu ya daraja la chini. Kwa kuwa Simba ilikuwa tayari bingwa wa ligi na ina tiketi yake, ile tiketi ya pili ikaiangukia Namungo hata kabla ya fainali kuchezwa. Namungo ilikuwa imepanda Ligi Kuu msimu ule ule, nayo ilimaliza ligi katika nafasi ya nne. Yanga iliyomaliza ya pili ikabaki nyumbani. Namungo ya nne ikaenda Afrika, na huko ikafika hatua ya makundi.

Wapenzi wa ligi waliona hapo dhuluma. Hoja yao ni nzito, nasi hatuna budi kuieleza kwa haki. Timu iliyocheza michezo 38, mvuani na juani, Bukoba hata Mtwara, ikawazidi wote isipokuwa mmoja, inawezaje kuachwa nyuma ya timu iliyo chini yake, ati kwa sababu ya michezo michache ya mtoano ambamo kura nayo hucheza? Ligi haimwonei mtu. Siku mbaya moja hufidiwa na siku njema tatu. Katika kombe dakika moja ya uzembe hufuta kazi ya mwaka.

Wapenzi wa kombe hujibu kwamba ligi nayo haipimi mpira peke yake. Hupima mfuko. Timu yenye wachezaji 30 wa kutosha, yenye kusafiri kwa ndege na kulala pazuri, hushinda michezo 38 kwa sababu ileile tajiri anayoshindia msimu wa kiangazi. Maskini humwezea siku moja. Mnyimeni na hiyo siku moja, atabaki na nini? Na kweli Yanga ilipewa nafasi yake ndani ya dakika 90, dhidi ya mpinzani anayejulikana.

Hata hivyo tusiitukuze hoja hii kupita kiasi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, iliutwaa ubingwa wa ligi katika msimu wake wa kwanza. Mseto ya Morogoro ilikwisha fanya hivyo mwaka 1975, ikautoa ubingwa nje ya Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Ligi haikuwa mali ya matajiri siku zote; imekuwa ikielekea huko kadiri fedha zilivyoongezeka. Wala Namungo haikuwa maskini wa kuhurumiwa, kwani ilikuwa timu yenye waungaji mkono wenye nguvu na uwanja wake Ruangwa, uitwao Majaliwa.

Lakini yote hayo ni ubishi ambao ungeweza kusikika Kariakoo. Kilichoufanya uwe na sura yake Mpanda ni mahali fainali ilipochezwa. Tarehe 2 Agosti 2020 Simba na Namungo zilikutana katika Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, na Simba ikashinda mabao 2-1. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Julai 2021, fainali ilikuwa Kigoma katika Uwanja wa Lake Tanganyika, na safari hii walikuwa Simba na Yanga wenyewe. Simba ilishinda bao 1-0, mfungaji akiwa Taddeo Lwanga. Atazame mwanafunzi ramani ya nchi yetu. Sumbawanga iko kusini mwa Mpanda, kwa njia ipitayo Sitalike na Hifadhi ya Katavi, ambako abiria huona viboko kabla ya kuona mji. Kigoma iko kaskazini, kwa njia ya Uvinza. Miaka miwili mfululizo mchezo mkubwa wa mwisho wa msimu ulichezwa kulia na kushoto kwa Katavi.

Na tuangalie thamani ya michezo hiyo kwa hesabu za tiketi. Ule wa Sumbawanga, tiketi ilikwisha patikana. Ule wa Kigoma, Simba ilikuwa bingwa wa ligi na Yanga ya pili. Na kwa kuwa Tanzania ilikuwa imeongezewa nafasi za Afrika kuwa nne, kutokana hasa na mwendo mzuri wa Simba katika mashindano ya Afrika, timu zote mbili zilikuwa na safari zao tayari. Mwenye kupiga hesabu angesema kwamba hapakuwa na kitu cha kugombaniwa. Hapo ndipo mpenzi wa Katavi anapotofautiana na mpiga hesabu. Mtu aliyeipenda Yanga kwa miaka 30 kwa njia ya redio hakuihesabu tiketi ya Afrika. Alihesabu nauli ya kwenda Kigoma.

Huu nauona kuwa ndio moyo wa suala lote, ingawa hutajwa mara chache. Ligi huenda pale ilipo klabu. Mkoa usio na klabu katika daraja la juu huwa hauko kwenye ratiba yake, hata uwe na washabiki wengi namna gani. Fainali ya kombe huweza kupelekwa popote, kwa uamuzi wa wenye mashindano: ilikuwa Dodoma mwaka 2017, Arusha 2018, Lindi 2019. Kwa hiyo mshabiki wa Dar es Salaam anapouliza kombe lina faida gani, huuliza kuhusu klabu yake. Mshabiki wa Mpanda anapolitetea kombe, hutetea nafasi yake mwenyewe ya kuwa mtazamaji. Wawili hawa hutumia maneno yaleyale, nao hawazungumzi jambo moja.

Ipo haki upande wa ligi pia, nayo ilionekana Sumbawanga kwenyewe. Katika msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons ilihamishia michezo yake ya nyumbani katika Uwanja wa Nelson Mandela, na mwezi Oktoba 2020 ikaifunga Simba hapo bao 1-0. Karamu ya Agosti ilikuwa ya siku moja. Ligi ilipofika, ilifika na kurudi tena na tena, na vijana wa Rukwa waliweza kuwaona wachezaji wakubwa wakishindwa, jambo ambalo redio hulisimulia vibaya. Mwalimu wa michezo anayewaandaa wanafunzi kwa UMISSETA atakuambia kwamba mtoto hujifunza zaidi kwa michezo kumi ya kawaida kuliko kwa fainali moja.

Kuhusu namna ya ubishi wenyewe, neno moja. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo halikutolewa ovyo. Utani ulikua katika njia za misafara, baina ya watu kama Wanyamwezi na Wazaramo, ili wageni waweze kukaa pamoja, kutupiana maneno makali na bado kuzikana. Mpanda ni mji wa aina hiyo. Umekusanya Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa, Wasukuma, Waha na wengine walioletwa na reli, mgodi na ardhi. Ubishi wa kombe na ligi huwapa lugha ya kutaniana isiyouliza kabila. Aliyefungwa 4-1 atakumbushwa msibani.

Baada ya Kigoma, fainali ilikwenda Arusha mwaka 2022, Tanga 2023, kisha Zanzibar mwaka 2024 na tena 2025. Kila mara mbali zaidi na Katavi au si karibu. Wakati huohuo, katika msimu wa 2023/24, Ligi Kuu ilifika Tabora kwa timu ya Tabora United, iliyokuwa ikicheza katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Toka Mpanda, huko kunafikika kwa treni ileile ya zamani, kwa kupitia Kaliua.