Habari za Panya katika Bustani za Shirika za Uingereza

Katika miji ya Uingereza, nyuma ya njia za reli, kando ya makaburi na penye mabonde ambayo wajenzi wa nyumba waliyakataa, kuna ardhi iliyokatwa vitalu vyembamba, kila kitalu na mpangaji wake, kibanda chake cha mbao na pipa lake la maji ya mvua. Na ardhi hiyo, ambayo kwa ujumla wake nitaiita bustani ya shirika, si ya kabaila wala ya mkulima mkubwa, bali hukodishwa na fundi, karani, mchimba makaa ya mawe na mjane, ambao aghalabu hulilipa baraza la mji kodi ndogo ili wajipatie viazi, kabichi na maharagwe ya mezani kwao. Kitalu cha desturi kilipimwa fito kumi, kipimo cha kale ambacho kwa hesabu ya leo ni yapata mita za mraba 250, na mpaka wake aghalabu si ukuta wala ua, bali ni kichochoro cha nyasi kinachotosha kupitisha toroli tu. Wapangaji waliiheshimu mipaka hiyo kwa uaminifu mkubwa, hata ikawa mtu kuvuka cha mwenziwe bila ya idhini ni jambo la kuleta mashitaka mbele ya kamati. Panya hawakuiheshimu hata siku moja, na katika tofauti hiyo ndimo ilimo sehemu kubwa ya historia hii.

Asili ya bustani hizi ni dhuluma iliyotafutiwa kafara. Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, Bunge lilipitisha sheria moja baada ya nyingine za kuzungushia ua ardhi ambazo masikini wa vijijini walikuwa wakilishia ng'ombe na kuokotea kuni tangu enzi za babu zao, na ardhi hizo zikaingia katika milki ya wachache. Na ufukara ulipozidi, sheria ya mwaka 1845 ikataka sehemu zitengwe kwa ajili ya masikini wafanyao kazi, kila mmoja asipewe zaidi ya robo ya eka. Sheria ya mwaka 1908 ilikwenda mbele zaidi: watu sita tu walioandikishwa kupiga kura au kulipa kodi za mji wakiandika kwa baraza lao kwamba wanahitaji vitalu, baraza lililazimika kulifikiria ombi lao, na likiona haja ipo, liwatafutie ardhi. Kisha vikaja vita vya 1914, nyambizi za Wajerumani zikawa zinazamisha meli za nafaka, na serikali ikayapa mabaraza uwezo wa kutwaa viwanja vilivyolala bure. Vita vilipokwisha vitalu vilikuwa vimefika yapata milioni moja na nusu.

Panya anayehusika hapa si yule mweusi wa darini ambaye watu wa pwani yetu wanamjua kwa makelele yake ya usiku. Ni panya wa kahawia, mzito wa mwili na mfupi wa mkia, aliyeingia Uingereza kwa meli mwanzoni mwa karne ya 18, na ambaye mwaka 1769 John Berkenhout alimpa jina la kitaalamu la kumnasibisha na Norwei, ijapokuwa nasaba yake ya kweli ni ya Asia, upande wa kaskazini mwa China na Mongolia. Mweusi ni hodari wa kupanda. Huyu ni hodari wa kuogelea na kuchimba. Wahenga wetu walisema panya wengi hawachimbi shimo, na bila ya shaka walisema kweli juu ya wanadamu, lakini juu ya panya nadhani hawakupata kumwona huyu, kwa maana chini ya kibanda kimoja huchimba kwa jamaa nzima, matundu kwa matundu, yenye milango ya kuingilia na milango ya kukimbilia. Jike hubeba mimba kwa majuma matatu tu, huzaa watoto sita, wanane, au zaidi, na watoto hao wakitimiza miezi miwili au mitatu nao huanza kuzaa.

Na bustani ya shirika, kwa sifa zile zile zilizoifanya isifiwe, ilikuwa makao yaliyotayarishwa kwa ajili yake. Biwi la mboji, ambalo kila mtunza bustani hujivunia, lina joto wakati wa theluji na maganda ya chakula wakati wote. Viazi vilivyofukiwa chini ya majani makavu na udongo ili visiharibiwe na baridi ni ghala lisilo na mlango. Kibanda kilichoinuliwa juu ya matofali mawili au matatu ni paa lisilolipiwa kodi. Dhara la panya halikuwa la mazao peke yake. Mwaka 1886 tabibu wa Kijerumani Adolf Weil alieleza ugonjwa wa homa na manjano ambao tangu siku hizo umeitwa kwa jina lake, na mwaka 1915 wataalamu wa Kijapani, Inada na Ido, wakakipata kijidudu chake, ambacho panya hukibeba bila ya kuugua na kukitoa katika mkojo. Kwa hivyo mtu aliyetia mkono wenye mchubuko katika tope au maji yaliyopitiwa na panya alijitia katika hatari asiyoiona.

Dawa za kwanza zilikuwa za kila mtu na kitalu chake: mtego wa chuma, mbwa mdogo mwenye hasira, mnyama wa jamii ya kicheche aliyefugwa ili aingizwe matunduni, au mtega panya wa kulipwa. Mashuhuri katika hao wa mwisho alikuwa Jack Black wa London, ambaye katikati ya karne ya 19 alijitangaza kuwa mwangamiza panya wa Malkia Victoria na kutembea akiwa amevaa mkanda wenye sanamu za panya. Lakini watu wa kazi yake walikuwa pia wakiuza panya hai kwa wenye viwanja vya kamari, ambamo mbwa walishindanishwa kuwaua, na si rahisi kuamini kuwa mtu mwenye biashara ya namna hiyo angetaka kuona panya wa mwisho.

Sheria ya kwanza ya kuwaangamiza panya na vipanya katika nchi nzima ilitoka mwaka 1919, nayo ilimtwika dhamana kila mwenye kukaa juu ya ardhi: asipochukua hatua za kadiri ya uwezo wake, atatozwa faini. Palifuata desturi ya juma la panya, ambalo kila mwaka watu wote walihimizwa kutega na kutia sumu kwa pamoja. Nia ilikuwa njema. Lakini sheria ilikuwa imewatazama panya kwa jicho la mpimaji ardhi, kana kwamba kila kitalu kina panya wake. Mpangaji mwenye bidii aliwaua waliomo kwake, na kabla ya kupita mwezi nafasi yao ikashikwa na jamaa zao kutoka kwa jirani mvivu, au kutoka ukingo wa reli, ambao haukuwa kitalu cha mtu.

Vita vya pili ndivyo vilivyoleta elimu. Oktoba 1939 serikali ilianza kuwahimiza watu wachimbe ardhi kwa ajili ya ushindi, na bustani za starehe na viwanja vya michezo vikageuzwa vitalu. Kuku na sungura wakafugwa penye maua, na penye kuku hapakosi punje zilizomwagika. Hapo kazi ya kumsoma panya ikaletwa kwa Charles Elton, ambaye mwaka 1932 alikuwa ameanzisha katika Chuo Kikuu cha Oxford ofisi ndogo ya kuchunguza namna wanyama wanavyozidi na kupungua. Elton na wenziwe hawakuanza kwa kuuliza ni sumu gani iliyo kali zaidi, bali waliuliza panya anaishije; na swali hilo, kwa rai yangu, lilikuwa na faida kuliko sumu zote zilizotangulia.

Waliona kwamba panya wa kahawia ana hadhari kupita kiasi: kitu kigeni kikiwekwa njiani mwake, ijapokuwa ni chakula kizuri, hukikwepa kwa siku kadhaa, kisha hukionja kidogo; na kama kionjo hicho kimemtia maumivu bila ya kumwua, hakirudii tena. Hii ndiyo sababu mtunza bustani aliyetia sumu leo na kuokota mizoga miwili kesho alidhani amefaulu, kumbe amewafundisha waliobaki. Wakashauri kwamba nafaka safi iwekwe kwanza mahali pale pale, siku baada ya siku, mpaka panya waizoee na kuila kwa shibe, ndipo siku moja ichanganywe na sumu; tena nafaka hiyo ipimwe kila asubuhi, maana uzito ulioliwa ndio unaoonyesha idadi ya walaji. Sumu zenyewe zilikuwa aseniki, fosfidi ya zinki, na unga wa kitunguu-pori chekundu kitokacho pwani za Bahari ya Kati, ambacho kina hila ya ajabu: hutapisha, na mbwa au paka akikila hukitapika akasalimika, lakini panya kwa maumbile yake hawezi kutapika.

Shauri la pili lilikuwa gumu zaidi kwa wapangaji kulikubali, nalo ni kwamba eneo zima litiwe chambo kwa wakati mmoja, vitalu, mifereji, maghala na nyumba za jirani, bila ya kuuliza ni ya nani. Katika mashamba kazi hiyo ilifanywa na wasichana wa Jeshi la Ardhi, yaani wanawake walioandikishwa kufanya kazi za shamba wakati wa vita, na zaidi ya 1,000 kati yao waliajiriwa kuua panya. Matokeo ya utafiti wa Oxford yalichapishwa mwaka 1954, yakihaririwa na Dennis Chitty na H. N. Southern, lakini maana yake ilikuwa imekwisha kuingia katika sheria ya mwaka 1949, iliyoyapa mabaraza wajibu wa kukagua wilaya zao zote, kuwalazimisha wamiliki na wakaaji, na kufanya kazi wenyewe na kudai gharama pale mtu alipokaidi. Mwaka uliofuata Bunge likaruhusu kuku na sungura wafugwe katika vitalu, isipokuwa majogoo. Naona wabunge walithamini usingizi wa majirani kuliko walivyohofu punje za kuku.

Ikaja kisha sumu iliyodhaniwa kuwa itamaliza maneno. Karl Paul Link wa Wisconsin, Marekani, alikuwa amechunguza majani yaliyooza ambayo ng'ombe walikula wakatokwa na damu isiyoganda, na kutokana na uchunguzi huo ikapatikana mwaka 1948 warfarini, inayoua baada ya siku nyingi kiasi kwamba panya hana njia ya kukituhumu chakula. Kwa miaka michache mapendekezo yote ya Oxford yalionekana kuwa taabu ya bure. Mwaka 1958 wakaonekana huko Skotlandi panya walioila wasife, na muda si mwingi wakaonekana wengine katika wilaya ya Montgomery, Welisi, ambako serikali ilijaribu kuwazingira kwa ukanda wa ardhi uliosafishwa, wakauvuka.

Wakati huo bustani zenyewe zilikuwa zinapwaya. Chakula kilipatikana madukani, vijana hawakutaka jembe, na tume ya Profesa Harry Thorpe wa Birmingham, iliyotoa taarifa yake mwaka 1969, ilikuta vitalu vingi vimeachwa viote miiba kati ya vilivyolimwa. Kitalu cha namna hiyo kilimwudhi jirani kuliko biwi lolote la mboji, maana hakikuwa na mtu wa kulaumiwa: mpangaji amehama au amekufa, na ardhi imerudi kwa baraza, ambalo kwa sheria ya 1949 lina wajibu wa kuwalazimisha wengine wote, na pia wa kuwaua panya walioko juu ya ardhi inayokaliwa na baraza lenyewe, kwa hivyo mashitaka ya wapangaji yalipofika mezani, karani wa baraza alikuta kwamba mdai na mdaiwa ni mtu mmoja.